Seva imetulia siku tisa: je, ni kiraka au ni bahati?

Swali: "Ninasimamia seva ya Linux inayoendesha programu iliyoandikwa kwa C++. Programu hiyo hupokea miunganisho ya wateja na kutunza data za vipindi vyao. Katika siku 40 ilizimika ghafla mara 8, bila saa maalumu. Pengo fupi kati ya tukio na tukio lilikuwa la saa chache, na refu kuliko yote lilikuwa la siku 11. Logi husema tu kwamba programu imeuawa kwa ishara namba 11. Msanidi alinitumia kiraka (marekebisho ya msimbo) cha mistari miwili ambacho hukagua kama kielekezi cha kipindi, yaani anwani ya mahali data zake zilipo kwenye kumbukumbu, ni tupu kabla ya kukitumia. Nilikiweka, na siku hiyohiyo nikasasisha mfumo endeshi, nikaiwasha seva upya, kisha nikaiagiza systemd (msimamizi wa huduma za Linux) iianzishe programu kila itakapokufa. Leo ni siku ya 9 na hakuna aliyelalamika. Mkuu wangu anataka tufunge suala hili. Kwenye seva ya majaribio sijawahi kuliona tatizo hata mara moja, kwa hiyo sina pa kupimia. Je, niamini kwamba kiraka kimefanya kazi? Au tatizo lilikuwa RAM mbovu?"

Wasiwasi wako ni wa haki, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kufunga suala badala ya baada ya kuzimika kwa tisa. Unachotaka kujua ni namna ya kuthibitisha kwamba jambo linalotokea kwa nadra limekoma, na hilo ni gumu kuliko kuthibitisha kwamba lipo. Jibu langu fupi ni kwamba usifunge suala bado, usikiondoe kiraka, na usiendelee kuhesabu siku kama njia yako pekee ya kupima. Nina shaka pia na kiraka chenyewe, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini.

Kwanza tuhakikishe kwamba kimya unachokisikia ni kimya kweli. Umeiagiza systemd iianzishe programu kila inapokufa, na kazi hiyo hufanyika kwa sekunde chache tu, kiasi kwamba mteja anayeunganishwa upya anaweza kudhani mtandao wake ndio uliyumba. Kutolalamika kwa watu, basi, si ushahidi tena tangu siku ulipoweka agizo hilo. Tazama thamani ya NRestarts kwa amri ya "systemctl show" pamoja na jina la huduma yako, utaona idadi ya mara ambazo systemd imeiinua programu yenyewe bila kukuambia. Pitia pia logi ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa kipindi chote cha siku 9. Nimewahi kusimamia programu iliyosifiwa kwa utulivu mwezi mzima, kumbe ilikuwa inakufa na kufufuka kila alfajiri.

Ukikuta sifuri, tuendelee na hesabu. Mara 8 katika siku 40 ni wastani wa mara moja kila siku 5. Kama matukio hayo hayana mpangilio, uwezekano wa kupita siku 9 bila tukio lolote, hata kama kiraka hakikubadilisha kitu, ni takriban asilimia 17, yaani karibu sawa na kurusha dadu na kupata moja. Hakuna anayeshangaa akipata moja. Wala huhitaji hesabu yangu ili kulikubali hilo, kwa kuwa daftari lako mwenyewe lina pengo la siku 11 lililotokea wakati kiraka hakikuwepo kabisa. Kwa wastani huohuo ungehitaji siku 15 za kimya ili uwezekano wa bahati ushuke hadi asilimia 5, na siku 23 ili ushuke hadi asilimia 1.

Hata hivyo, usikimbilie kuweka alama kwenye kalenda siku ya 23 na kungoja. Hesabu hiyo hujibu swali moja tu, nalo ni kama hali imebaki vilevile. Haijibu kama hitilafu imekwisha. Tuseme kiraka kimeipunguza tu, kutoka mara moja kila siku 5 hadi mara moja kila siku 50. Utapita siku 15 za kimya kwa uwezekano wa asilimia 74, utafunga suala kwa furaha, na programu itakufa tena wakati kila mtu ameshasahau maelezo yake. Viraka vya aina uliyotumiwa mara nyingi huleta matokeo ya namna hiyo, hupunguza bila kumaliza.

Ili uone kwa nini, tuangalie kinachotokea ndani. Programu inayohudumia wateja wengi kwa pamoja kwa kawaida huwa na nyuzi kadhaa za utekelezaji zinazofanya kazi sambamba na kutumia kumbukumbu ileile. Uzi mmoja unasoma data za kipindi cha mteja ili umjibu. Uzi mwingine, ukiwa umeona kwamba mteja amekata muunganisho au muda wake umekwisha, unakifuta kipindi hicho na kuiachilia kumbukumbu yake. Kama hakuna utaratibu unaozizuia nyuzi hizi kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, siku moja uzi wa pili utafuta kile ambacho wa kwanza bado anakitumia. Nafasi ya jambo hilo kutokea huenda ikawa fupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde, na ndiyo maana halina saa maalumu na linaonekana kama shetani. Ishara namba 11 ni namna ya mfumo endeshi kusema kwamba programu imejaribu kugusa anwani ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa.

Sasa weka kiraka chako katika picha hiyo. Uzi wa kwanza unauliza: je, kielekezi ni tupu? Unajibiwa kwamba si tupu. Katikati ya jibu hilo na hatua inayofuata, uzi wa pili unakifuta kipindi. Uzi wa kwanza unaendelea kwa uhakika wote kuelekea kwenye anwani ambayo haina mwenyewe tena. Ukaguzi umepunguza upana wa mlango lakini haujaufunga. Isitoshe, katika C++ kufuta kitu hakukifanyi kielekezi kiwe tupu chenyewe. Kinabaki kuelekeza palepale, na ukaguzi wa utupu utakipitisha bila shaka yoyote. Dawa ya kweli ya hitilafu ya aina hii ni kufuli inayoshikwa tangu ukaguzi hadi mwisho wa matumizi, au utaratibu wa kuhesabu watumiaji ili kitu kisifutwe mpaka wa mwisho atakapokiacha.

Siwezi kusema kwa hakika kwamba hilo ndilo tatizo lako, kwa kuwa sijauona msimbo. Lakini unaweza kulichunguza leo bila kusubiri. Kwenye prosesa za x86 (kama za Intel na AMD), programu inapouawa kwa ishara namba 11, kwa kawaida kerneli huandika kwenye logi yake mstari wenye neno "segfault at" ukifuatwa na anwani iliyoguswa. Kusanya mistari yote 8 kama bado unayo. Ikiwa anwani zote ni ndogo sana, karibu na sifuri, programu ilikuwa kweli inatumia kielekezi tupu, na kiraka kinagusa angalau dalili iliyo sahihi. Ikiwa anwani ni kubwa na hazifanani, ukaguzi wa utupu hauhusiani na vifo hivyo hata kidogo, na msanidi anapaswa kuambiwa hivyo.

Mistari hiyohiyo itakusaidia kwenye swali lako la RAM. RAM mbovu haichagui programu wala mstari wa msimbo. Leo itaua programu hii, kesho hifadhidata, keshokutwa kerneli yenyewe, au itaharibu faili wakati wa kunakili. Programu ileile ikifa mahali palepale mara kwa mara huku nyingine zote zikiwa salama, tafuta kosa kwenye msimbo. Kama seva yako ina kumbukumbu ya aina ya ECC, inayogundua na kusahihisha makosa yake yenyewe, makosa yanayosahihishwa huandikwa kwenye logi ya kerneli. Kama haina, usiku mmoja wa Memtest86+, programu ya kupima RAM, utakupa jibu la kutosha kukuondolea wasiwasi, ingawa jaribio safi halitoi uhakika kamili. Na ishara ingekuwa namba 9 badala ya 11, ningekuambia utazame kwanza kama kerneli iliiua programu kwa sababu RAM ilikwisha, jambo ambalo ni tofauti kabisa na RAM mbovu.

Jambo jingine linalotia ukungu ni kwamba, mbali na agizo la systemd, ulibadilisha mambo matatu kwa siku moja: kiraka, mfumo endeshi, na kuwasha seva upya. Sikulaumu, maana ukipata ruhusa ya kuzima seva unataka kumaliza yote kwa mkupuo. Lakini kusasisha kunaweza kuwa kumebadilisha maktaba inayogawa kumbukumbu au namna kerneli inavyopanga nyuzi, na mabadiliko hayo yanatosha kuificha hitilafu ya mpishano wa nyuzi bila kuiponya. Tazama pia kama idadi ya wateja katika siku hizi 9 ni sawa na ya awali. Wiki yenye nusu ya mzigo haihesabiki kuwa wiki, na kwa sababu hiyo napendelea kuhesabu vifo kwa kila maombi milioni kuliko kwa kila siku.

Tufike sasa kwenye seva ya majaribio, ambako naamini jibu lako liko, ingawa umesema huna pa kupimia. Kutoliona tatizo kule kunaonyesha tu kwamba mazingira yale ni matulivu mno. Mara nyingi seva ya majaribio ina prosesa chache na wateja wachache wa kubuni wanaounganishwa kwa adabu na kuondoka kwa adabu, ilhali wateja wa kweli hukata muunganisho katikati ya jibu, hurudi papohapo, na huja kwa wimbi. Ipe mashine hiyo idadi ya prosesa inayokaribia ya seva halisi, kisha andika programu ndogo inayofungua mamia ya miunganisho na kuikata ovyo wakati majibu yako njiani. Punguza muda wa kipindi kuisha kutoka dakika hadi sekunde. Na usijaze logi za ziada ili uone vizuri, kwa sababu kuandika logi hubadilisha mwendo wa nyuzi na kunaweza kuifukuza hitilafu unayoitafuta.

Kama hayo hayatoshi, mwombe msanidi afanye hila moja ambayo naipenda kuliko zote. Kwenye nakala ya majaribio tu, aweke usingizi wa milisekunde chache mahali anapodhani mpishano hutokea, yaani kati ya kukipata kielekezi na kukitumia. Nafasi iliyokuwa sehemu ya milioni ya sekunde sasa ni pana mara maelfu, na kifo kilichosubiriwa siku 5 kinaweza kuja ndani ya dakika. Fanya hivyo kwanza kwenye toleo lisilo na kiraka. Likifa kwa mlolongo wa miito (orodha ya sehemu za msimbo zilizokuwa zikiitana wakati wa kifo) uleule utakaouona kwenye seva halisi kwa mtego nitakaoueleza hapa chini, umeipata hitilafu na si nyingine inayofanana nayo. Kisha weka kiraka, na usingizi uwe baada ya ukaguzi wa utupu, kabla ya matumizi. Kama maelezo yangu ya hapo juu ni sahihi, programu itakufa tena, nawe utakuwa na ushahidi wa dakika kumi unaozidi ushahidi wa wiki tatu za kungoja.

Zipo pia zana zinazokuondolea haja ya kungoja kifo. AddressSanitizer, ambayo huwekwa wakati wa kukompaili programu, huikamata kumbukumbu iliyoachiliwa inapoguswa, hata kama mguso huo usingeiua programu siku hiyo, na huipunguzia programu kasi kwa takriban mara mbili. ThreadSanitizer huangalia kama nyuzi mbili zimegusa mahali pamoja bila utaratibu kati yao, na inaweza kulikamata kosa hata pale ambapo mpishano wenyewe haukutokea mara hiyo. Gharama yake ni kubwa zaidi, mara 5 hadi 15 ya muda wa kawaida, na huwezi kuziweka zote mbili kwenye toleo moja. Zote mbili ni za seva ya majaribio. Usizipeleke kwa wateja. Mimi ningeanza na ThreadSanitizer, kwa kuwa hulitaja kosa pamoja na mistari yote miwili ya msimbo inayogongana, na hapo ubishi kati yako na msanidi huisha haraka.

Usidhani kwamba shida hii ni ya wasiojua kazi. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya bila mpangilio. Wahandisi hawakurusha kiraka na kukaa kimya wakitumaini. Waliendesha nakala ya chombo hicho hapa duniani, wakiwa wamewasha ufuatiliaji wa kila tukio, mpaka nayo ikajiwasha upya mbele ya macho yao. Rekodi ilionyesha kwamba kazi ya kipaumbele cha chini ilikuwa imeshika kufuli iliyohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu, huku kazi za kati zikiipokonya ile ya chini nafasi ya kumaliza. Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo sana, kuwasha mpangilio mmoja wa kufuli hiyo, lakini yalitumwa Mirihi sababu ikiwa imeshajulikana.

Ukishapata njia ya kuiua programu kwa makusudi, hesabu inakuwa rafiki yako. Endesha jaribio la dakika kumi mara nyingi bila kiraka, uandike limekufa mara ngapi, kisha liendeshe kwa mzigo uleule ukiwa na kiraka. Ukipata sifuri katika majaribio 100, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha kufa hakizidi takriban asilimia 3, kwa kuwa kanuni ya mkato ni kugawanya 3 kwa idadi ya majaribio. Kanuni hiyo haina maana kama toleo lisilo na kiraka nalo halifi katika jaribio hilohilo, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu anapima kiraka kwa jaribio ambalo hata ugonjwa wenyewe ungelifaulu.

Kuhusu seva halisi, acha kiraka kilipo, kwa sharti moja. Muulize msanidi programu hufanya nini inapokuta kielekezi ni tupu. Kama humrudishia mteja kosa na kuendelea, hakuna ubaya. Kama huruka hatua na kuendelea kuandika data iliyokamilika nusu, ningeona afadhali programu ife, maana kifo kinaonekana na data iliyoharibika kimyakimya haionekani mpaka imeshanakiliwa kwenye nakala zako zote za akiba. Kama unazo seva mbili zinazogawana mzigo, iweke moja bila kiraka na nyingine na kiraka kwa majuma kadhaa, zote zikiwa na mfumo endeshi uleule. Hapo utaondoa utata wa mabadiliko matatu uliyoyafanya siku moja. Kama unayo moja tu, usikiondoe kiraka kwa ajili ya udadisi. Udadisi huo ni wa seva ya majaribio.

Andaa pia mtego wa kifo kijacho. Washa systemd-coredump ili programu ikifa, picha nzima ya kumbukumbu yake ihifadhiwe kwenye diski, na hakikisha una faili la programu lenye alama za utatuzi (taarifa zinazoonyesha kila sehemu ya programu ilitoka mstari gani wa msimbo) linalolingana kabisa na toleo linaloendeshwa. Kisha uue programu ya kujaribia kwa makusudi, kwa amri ya kill na ishara namba 11, uone kama picha inapatikana kwa "coredumpctl list". Nimeona watu wakingoja wiki tatu kifo kitokee, kikatokea, na diski ikawa imejaa. Picha hiyo itunze kama unavyotunza nenosiri, kwa sababu ndani yake mna kila kitu kilichokuwa kwenye kumbukumbu, zikiwemo funguo za siri na data za wateja. Usiitume kwa barua pepe. Mpelekee msanidi mlolongo wa miito kwanza, na picha yenyewe kwa njia salama iwapo tu ataihitaji.

Zipo hali ambazo maelezo ya maandishi hayatoshi, na mtu mwenye uzoefu anapaswa kukaa nawe mbele ya mashine. Mwite fundi wa mitambo iwapo zaidi ya programu moja inakufa, au logi ya kerneli inataja makosa ya kumbukumbu au ya prosesa. Mwite mtaalamu wa hifadhidata mara moja, na usimamishe kuandika, ukiona rekodi zilizoharibika au zisizolingana. Iwapo utagundua kwamba mteja wa nje anaweza kuiua programu kwa kutuma maombi ya namna fulani, lichukue kama suala la usalama, kwa maana kumbukumbu iliyoachiliwa na kutumiwa tena ni mlango ambao wavamizi huutafuta. Mweleze msanidi faraghani na ushirikishe wanaoshughulikia usalama kabla ya kulitangaza popote. Na kama huduma hii hubeba fedha au maisha ya watu, usikubali kiraka cha mistari miwili bila mtu wa pili mwenye ujuzi wa nyuzi kuupitia msimbo.

Kwa mkuu wako, peleka namba badala ya hofu. Mwambie kwamba kimya cha siku 9 hutokea mara moja katika kila sita hata bila kiraka, kwamba pengo la siku 11 lilikwishatokea kabla yake, na kwamba unaomba siku chache za seva ya majaribio ili uiue programu kwa makusudi. Kwa msanidi, peleka anwani 8 za logi ya kerneli na swali moja: ni nini kinachouzuia uzi mwingine kukifuta kipindi baada ya ukaguzi wako na kabla ya matumizi? Akikutajia kufuli kwa jina na mstari ilipo, nitafurahi kukosea kuhusu kiraka chake. Akijibu kwamba jambo hilo ni nadra mno kutokea, mwonyeshe zile mara 8.